Fungu la Bi Somoe

Samaki gawa kwa kisogo, makao gawa kwa uso. Ndivyo Mama Tausi alivyowaambia asubuhi mlipokuwa mkibishana juu ya vyumba vya bweni, nani alale na nani, nanyi mkacheka, mkasema huyu mama kachanganya mambo. Sasa mnaniuliza mimi neno hilo limetoka wapi. Limetoka Kivinjani, kijiji cha pwani ya kusini, na mimi nilikuwapo, maana mwaka ule nilikuwa napita kijiji hadi kijiji nikiwafulia watu nazi, yaani kuzitoa makumbi. Chanzo chake ni hiki.

Kivinjani bahari ilikuwa inakula nchi. Haikula kwa pupa. Ilikula kama mgonjwa, kidogo kidogo, lakini hairudishi sahani. Ilianza na safu ya minazi ya mbele. Kikafuata choo cha madrasa. Kisha likaondoka goli la upande wa pwani, vijana wakawa wanacheza na goli moja, wote wanafunga hapo hapo, na ugomvi hauishi. Watu wakacheka. Ila siku kisima kilipotoa maji ya chumvi, hakuna aliyecheka tena.

Wakakaa kikao. Nimetembea sana, na sijaona watu waliopanga jambo kwa akili kama wale. Walikubaliana kuhama wote, wapande juu kwenye mikorosho ya kijiji, mahali ambapo hata bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu, haliwezi kufika. Bwana ardhi akaitwa, akapima viwanja, akapigilia vigingi. Nyumba za mbele zihame kwanza, za nyuma zifuate miaka ijayo, na kila nyumba ijengwe kwa ujima.

Likabaki moja: kati ya wale wa mbele, nani apate kiwanja kipi. Hapo minong'ono ikaanza. Wapo waliosema Mwenyekiti Mtopa atajichagulia kando ya barabara. Mtopa akaudhika, akasema, "Gaweni wenyewe. Mimi nipeni kitakachobaki."

Ndipo akainuka mzee Shaweji. Huyu alikuwa mgawaji wa samaki. Pale Kivinjani wavu ukivutwa, samaki hupangwa mchangani mafungu mafungu. Mgawaji huwageuzia kisogo. Mtu mmoja hugusa fungu na kuuliza, "Hili la nani?" Naye, bila kuona, hutaja jina. Ukitajwa umetajwa. Anayelalamikia fungu lake huitwa mroho, na jina hilo likikushika linawafuata mpaka wajukuu zako.

"Tugawe kama samaki," Shaweji akasema. "Kisogo hakina ndugu."

Watu wakapiga makofi. Siku hiyohiyo wakapanda kwenye mikorosho, Shaweji akageuka, mtu akawa anagusa vigingi, "Hiki cha nani?", naye anataja, mpaka vikaisha. Hakuna aliyenung'unika. Wakateremka wakiimba.

Kiangazi kikapita kwa kujenga. Nyumba za mbele zikahama moja moja, wachache kama Shaweji wakiwa bado wanasimamisha nguzo; zilizogoma zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Bi Somoe, mjane ambaye macho yake yalizimika zamani. Ya pili ya jirani yake, Bi Siwema, ambaye kila akiulizwa alisema makuti ya kuezekea hayajatosha, ingawa makuti yalikuwa yamejaa uani mpaka kuku hawana pa kupita. Bi Somoe hakuwa na kisingizio hicho. Nyumba yake kule juu ilikwisha kamilika, kando ya barabara, fungu ambalo wengi waliliona kwa jicho la husuda. Yeye alisema tu, "Nyumba nzuri, Mungu awalipe. Sihami."

Watu wakajijibu wenyewe. Wengine wakasema ni kaburi la mumewe linalomzuia, wengine wakasema ni uzee. Imamu akaja, akaondoka. Mwanawe akapiga simu kutoka mjini, akalia, mama akambembeleza mpaka akanyamaza, kisha akamwambia hahami. Na bamvua kubwa la mwaka lilikuwa linakaribia. Maji ya kawaida tu yalishafika kwenye ukuta wa jiko lake. Kila mtu alijua hayo makubwa yakija yatapita ndani.

Shaweji akakosa raha, maana yeye ndiye aliyelitaja jina la Bi Somoe kwenye kigingi kile. Asubuhi moja akashuka kwenda kumsihi. Nilikuwa uani kwa Bi Siwema nikifua nazi, kwa hiyo niliyasikia yote.

Alipokuwa akipita kichochoroni, kati ya nyumba zile mbili, kamba ikamkamata kifuani. Ilikuwa kamba ya makumbi, imefungwa kutoka mlango wa Bi Somoe mpaka mlango wa Bi Siwema, imelainika kwa kushikwashikwa.

"Siwema," akaita, "kamba ya kuanikia nguo mbona mmeifunga chini hivi?"

"Umri wote unapita hapa, leo ndiyo umeiona?" Bi Siwema akajibu kutoka jikoni. "Umewahi kuona nguo juu yake? Hebu kaa pembeni, mwenye njia anakuja."

Bi Somoe akatoka mlangoni kwake, akaishika kamba, akaja nayo polepole, kikombe mkono wa pili. Akafika, akakaa kwenye kigoda. Bi Siwema akamtilia uji, akaupuliza, akamwekea kikombe kiganjani.

"Hauna chumvi," Bi Somoe akasema.

"Chumvi ipo. Ulimi wako ndio umezeeka."

"Ulimi wangu mtoto wa juzi. Wewe ndiye uliyezaliwa kabla ya chumvi."

Shaweji alikuwa bado amesimama, mkono juu ya kamba. "Dada Somoe," akasema.

"Naam, kaka. Nimekusikia ukinaswa."

"Fungu nililokupa ni baya?"

"Fungu halina ubaya."

"Basi niambie kuna nini."

"Niseme, niitwe mroho uzeeni?" Akanywa uji kidogo. "Mmenipa barabara, mmenipa nyumba ya bati. Siwema umempa kule bondeni, mwisho kabisa. Nitafunga kamba ya urefu gani, Shaweji?"

Shaweji akaiachia kamba.

"Sikulaumu," Bi Somoe akasema kwa upole. "Ulitugawa ukiwa umetugeuzia kisogo. Ungetutazama ungeona tuko wawili."

Shaweji akamtazama Bi Siwema. "Na wewe, makuti hayajatosha?"

"Hayajatosha," akasema, akajifuta macho kwa upindo wa kanga, akausingizia moshi.

Siku ile ile Shaweji akaitisha kikao. Akawaambia, "Samaki haulizi nani amelala ubavuni mwake. Sisi tunauliza. Nilikosea, na leo nageuka." Akakaa akiwaelekea, akawa anauliza mmoja mmoja: "Wewe, ukipata shida, unamwita nani kwanza?"

Mwanzo wote waliogopa kuitwa waroho. Kisha binti mmoja mwenye mtoto mchanga, Mwanahawa, akasema anamwita mke wa Likunda, ndiye anayemshikia mtoto akienda kuteka maji, na sasa wamewekwa mbalimbali. Baba mmoja akasema taratibu, "Mimi nina kifafa. Chande ndiye anayejua kunilaza." Kumbe nusu ya kijiji ilikuwa imemeza neno. Watu wakaanza kubadilishana viwanja, hata nyumba zilizokwisha kujengwa. Si wote waliopata walichotaka. Mtopa kikambakia cha korongoni, na kwa kuwa alijifunga kwa kauli yake, alinung'unika chini kwa chini mwaka mzima.

Na kile kiwanja cha ubavuni mwa Bi Siwema kilikuwa cha nani? Cha Shaweji mwenyewe, na nguzo zake zilishasimama. Watu wakamwambia achukue basi ile nyumba ya Bi Somoe ya barabarani. Akakataa. "Watasema kisogo changu kina macho," akasema. "Mpeni Mwanahawa, mke wa Likunda yuko jirani hapo." Yeye akachukua kiwanja alichokiacha Mwanahawa, penye mawe, ambacho hata mbuzi walikikataa.

Asubuhi yake akapanda na jembe, akazing'oa nguzo zake moja moja. Kijiji kizima kikamfuata. Tulijenga ile nyumba mbio mbio, karibu na ya Bi Siwema kiasi kwamba mtu mnene hapiti katikati, na udongo wa ukutani ulikuwa bado mbichi Bi Somoe alipoletwa. Bamvua lilipokuja likazichukua nyumba zao za zamani zote mbili. Hazikuwa na mtu.

Siku ile ya kung'oa, Shaweji akiwa anapandisha nguzo begani, jasho linamtoka, Bi Siwema alimpisha njiani, akamtania: "Mzee, kazi umeijua uzeeni. Samaki gawa kwa kisogo, makao gawa kwa uso." Shaweji akatua nguzo, akacheka mpaka akakaa chini.

Mpaka leo, wavu ukivutwa Kivinjani, mgawaji huwageuzia samaki kisogo, na hakuna ugomvi. Lakini safu ya pili ya nyumba ilipofika zamu yake ya kuhama, walitandika mikeka kwanza, wakakaa wakitazamana, na kabla ya kugusa kigingi chochote mtu mmoja alianza na wote wakamalizia: samaki gawa kwa kisogo, makao gawa kwa uso.