Mkeka wa Kwanza wa Kindi

Sogeeni!

— Tumesogea!

Masikio mmekuja nayo?

— Tumekuja nayo, na ya jirani tumeazima!

Basi kaeni vizuri. Na wewe mwenye karanga, tafuna taratibu, wenzio wanataka kusikia.

Hapo kale palikuwa na Kindi, mdogo wa mwili, mkubwa wa mkia. Kazi yake ilikuwa kumbebea nyama Bwana Fisi. Asubuhi anabeba. Mchana anabeba. Jioni anabeba. Akitua mzigo, puu! Fisi anauliza, "Mbona kidogo?" Akitua mwingine, puu! "Mbona kidogo?" Miaka saba Kindi hakusikia asante hata moja.

Njiani alikuwa akimpita Bi Mnana, yule ndege fundi, amekaa kivulini anasuka miyaa. Kindi husimama na mzigo wake kichwani, akatazama majani makavu yanavyogeuka mkeka, mpaka shingo inamuuma. Siku moja akautua mzigo.

"Shikamoo, Bi Mnana."

"Marahaba, mwanangu. Umechoka?"

"Kubeba ndiko kulikonichosha. Nataka kusuka."

Bi Mnana akacheka, kwe kwe kwe! "Kwa umri huo?"

"Kwa umri huu huu."

"Haya, kaa. Utepe huu tunauita ukili. Unauzungusha, unaushona ukingo kwa ukingo, unapata mkeka wa duara. Lakini mkono uwe mwepesi. Pitisha, vuta, legeza. Sema."

"Pitisha, vuta, kaza!"

"Legeza, mwanangu!"

Wapi! Mkono wa miaka saba ya kufunga mizigo haujui kulegeza. Kindi akashona, pitisha, vuta, kaza! Mkeka ukaanza kuinuka kingo. Pitisha, vuta, kaza! Ukasimama kuta. Alipomaliza, Bi Mnana akaugeuza huku na huku.

"Hiki si mkeka. Hiki ni kapu."

Akafumua, akaanza tena. Kapu. Akafumua, akaanza tena. Kapu, na safari hii lina mdomo mwembamba. Kindi aliona aibu, nisiwafiche. Lakini jioni akirudi nyumbani, mkia ulikuwa juu, na alikuwa anaimba. Alikuwa na furaha ya mtu anayekosea kazi anayoipenda.

Fisi akasikia. Akaja mbio, vumbi timtim.

"Wewe Kindi! Nyama yangu imelala porini, wewe unacheza na majani?"

"Sichezi, mzee. Najifunza."

Sasa, nchi ile ilikuwa na desturi. Anayebadili kazi hushona mkeka wake wa kwanza, akamkaribisha bwana wake wa zamani aketi na kula pamoja na wageni. Bwana akiinuka na kusema, "Asante, mkeka mzuri," basi, umekuwa fundi. Akiinuka kimya, unarudi ulikotoka, na huruhusiwi kujaribu tena maishani.

Fisi akachekelea, meno yote nje. "Keshokutwa nitakuja. Na hilo neno hulisikii kwangu mpaka unakufa. Halafu nyama yangu yote uiweke hapo mkekani. Hao wageni wako watazame tu."

Kindi alirudi kwa Bi Mnana machozi yakimlengalenga.

"Keshokutwa, bibi! Na mkono wangu unakaza tu!"

"Jitahidi kulegeza."

Kindi akautazama mkono wake. Akayatazama yale makapu. Akakumbuka tumbo la Fisi. Machozi yakakauka yenyewe.

"Bibi," akasema, "mimi sasa nakaza kwelikweli."

Akakesha siku mbili? Hapana, alilala vizuri tu. Lakini mchana kutwa ilikuwa pitisha, vuta, kaza! Pitisha, vuta, kaza!

Siku ikafika. Wanyama wakajaa. Fisi akaja, akasimama mbele ya dude refu kama pipa.

"Mbona mkeka una kuta?"

"Mzee wangu, wadogo hukaa juu ya mkeka. Wakubwa hukaa ndani."

Fisi akavimba kwa sifa. Kisha harufu ya nyama ikampanda puani kutoka chini kabisa. Akajipenyeza, akatumbukia! Mkia nao ukaingia.

Mle ndani ikawa kacha kacha kacha! Sungura akaomba mfupa. "Tazama tu!" Kobe akaomba ukoko wa mafuta. "Tazama tu!" Kacha kacha kacha! Akala mpaka kapu likatoa sauti, nyii, nyii. Mwisho akatoa kichwa nje apumue, na mdomo wa kapu, uliobanwa na tumbo lake lililovimba, ukamkumbatia shingoni.

Akajaribu kuinuka. Tumbo limejaa, miguu imekunjwa. Akajaribu kuuma nyuzi. Mnamjua Fisi, shingo yake haigeuki. Akatikisika, kapu likaanguka, biringi biringi biringi, mpaka miguuni kwa Kindi.

"Nitoe!"

"Desturi mzee unaijua. Kwanza bwana ainuke."

"Siwezi kuinuka!"

"Basi anza na neno, kuinuka kutafuata."

Fisi akasaga meno. Jua likamchoma, nzi wakamzuru puani, zzz, zzz, na mikono imefungiwa ndani. Wanyama wote wakasogea karibu. Kindi akautazama mdomo wa Fisi, maana maisha yake yote mapya yalikuwa humo.

"Asa..."

"Sisikii, mzee."

"Asante! Mkeka mzuri! Mzuri mno! Nitoe!"

Bi Mnana akapiga kigelegele. Kindi akakata uzi kwa meno, kip, kip, kip, na Fisi akamwagika nje.

Tangu siku hiyo Kindi ni fundi. Mikeka hawezi mpaka leo, ila makapu yake hayana mfano. Na Fisi, kwa kuwa sasa hana wa kumbebea, huja kwake kila mwezi kuchukua kapu la kubebea nyama mwenyewe. Akilinyooshea mkono hunung'unika, "Mbona kidogo?" Kindi analishika kapu kwanza, halitoi. Anatega sikio, anasubiri.

"Asante," anasema Fisi.

Ndiyo maana nawausia, wanangu: msiingie kazi msiyoiweza. Subirini kwanza mpaka muiweze. Mtazameni Kindi, hakusubiri, na sasa maskini anashinda kivulini, anaimba.

Hadithi nimeishona, ukingo umekutana na ukingo.

— Nasi tumeketi ndani!

Haya, tokeni, kama mnaweza.