Mshenga wa Sabuni

Isome kwanza mwenyewe hadi mwisho, kisha mrushie yule rafiki yako anayekupigia simu akisema ana jambo jema lakini halitaji.

Tangu azaliwe, Semboja alikuwa hajawahi kupigiwa vigelegele. Hata siku ya harusi yake mvua ilinyesha, wapiga vigelegele wakakimbilia barazani. Kwa hiyo vilipopasuka nyumbani kwa Mzee Shehiza, pale Muheza, alidhani kuna mgeni mwingine ameingia nyuma yake. Akageuka amtazame. Nyuma yake kulikuwa na ukuta.

Mtu huyu aliendesha malori miaka ishirini na mbili. Lusaka anaijua, Lubumbashi anaijua, Bujumbura aliwahi kukaa wiki tatu akisubiri gia boksi. Kote huko hakupotea. Jumamosi ile alipotea akiwa amekaa kwenye kochi.

Alikuja kwa ajili ya biashara. Mgongo ulipomshinda kwa malori, aliingia kampuni moja ya sabuni za mitishamba, zile kampuni za kuingiza mtu, naye aingize watu wake. Alikuwa amebakiza mtu mmoja tu apande cheo kabla mwezi haujaisha. Kwenye semina walifundishwa hivi: kwenye simu usitaje biashara. Sema una jambo jema, ungependa kuja nyumbani, na wenye maamuzi wote wawepo. Nenda na mwenzako. Vaeni vizuri. Msiende mikono mitupu.

Semboja alitii kama mtoto wa chuoni. Akampigia Mzee Shehiza, ambaye zamani alikuwa akimsafirishia machungwa. Akavaa kanzu. Akamchukua Kihiyo, mwenzake wa semina. Akanunua doti ya kanga, na fomu ya kujiunga akaitia kwenye bahasha safi.

Walikuta jamvi limetandikwa, udi unafuka, na wazee saba wamekaa wakiwakagua kuanzia kofia hadi vidole vya miguu. Kabla Semboja hajafungua mdomo, Bi Mwantumu, dada yake Mzee Shehiza, alipokea kanga na bahasha kwa mikono miwili, akaviweka kwenye sinia, akavifunika kwa kitambaa, akaingia navyo ndani kwa wanawake. Ndipo vigelegele vikapasuka.

"Kihiyo," Semboja akanong'ona, "wanaipenda kampuni kiasi hiki?"

"Nyamaza," Kihiyo akasema. "Nasikia harufu ya pilau."

Mzee mmoja akakohoa. "Huyo aliyewatuma, ni mtu wa swala?"

Semboja akamfikiria kiongozi wake wa kampuni. "Ana gari," akajibu.

Wazee wakatazamana, wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

Huko ndani vigelegele vikakatika ghafla, kama redio iliyochomolewa. Pazia likafunguka, akatoka Mwanakheri, binti wa nyumba, fundi cherehani wa miaka thelathini na mbili. Macho yametiwa wanja. Mkononi ameshika fomu.

"Baba, hii si barua ya posa," akasema. "Ni sabuni."

Hapo Semboja akaelewa, akatamani mgongo upone palepale arudi Lubumbashi. Wanaume wawili wenye kanzu, doti ya kanga, bahasha, na jambo jema lisilosemeka kwenye simu: kwa watu wa pale hao ni washenga, hawahitaji kujitambulisha. Na Mwanakheri alikuwa na mwalimu wake wa Lushoto, aliyeahidi kwamba wazee wake watakuja kuposa mwezi huohuo. Nyumba nzima ilidhani ndio hao.

"Nisamehe, mwanangu," Semboja akasema. "Huyo mwalimu mimi simjui."

Mzee Shehiza aliwatazama ndugu zake waliotoka Pongwe na Mkanyageni. Kuku watatu walikwisha kuchinjwa. Kuwarudisha watu makwao na habari ya sabuni, uso wake ungeuweka wapi?

"Haya," akasema. "Watu wamekusanyika, siku isipotee bure. Hiyo biashara naingia. Kupata kiingilio, nitauza machungwa yakiwa bado maua."

Kihiyo akachomoa kalamu kabla neno "maua" halijatua.

Semboja akaitazama ile kalamu. Mtu wake wa mwisho huyo, tena amejileta mwenyewe. Lakini alibeba machungwa ya Muheza miaka mingi, alijua: anayeyauza yakiwa maua, bei hupangiwa na mnunuzi. Akamwona Mwanakheri ameshika ukingo wa meza kwa nguvu.

"Mzee," akauliza, "fedha ya machungwa hayo mlipanga iwe ya nini?"

"Harusi ya huyu. Akiposwa."

"Na wewe unapenda kuuza? Kuwafuata watu, wakukatae, uwarudie?"

"Mimi hata machungwa yangu wanunuzi huyafuata shambani."

"Na hiyo fedha isiporudi?"

Mzee Shehiza akamtazama binti yake, kisha akainamisha kichwa. Kihiyo akamkanyaga Semboja mguu. Semboja akauacha ukanyagwe, maana aliona kwa siku ile unastahili.

"Basi usiingie," akasema. "Biashara hii ina watu wake, na wewe si mmoja wao. Ningekuuliza haya kwenye simu, kuku wako wangekuwa hai."

Akanyoosha mkono arudishiwe fomu. Mwanakheri hakuitoa, akamuuliza.

"Na wewe, baba, aliyekuingiza alikuuliza hayo?"

Semboja akafikiri. Kila mpaka aliovuka maishani aliulizwa kabla geti halijafunguliwa: umebeba nini, unakwenda wapi, utarudi lini. Kwenye sabuni aliingia na kiinua mgongo chake chote, asiulizwe hata kama anaoga.

"Hapana," akajibu. "Aliniambia tu nivae vizuri."

Bi Mwantumu akamsogezea sahani ya pilau.

"Basi aliyeozwa bila kuulizwa ni wewe. Kula, kisha nenda ukaombe talaka."

Funzo: Mwenye jambo jema hulitaja mlangoni. Kabla hujamwingiza mtu kwenye biashara yako, muulize kama anaitaka, kama anaiweza, na kama fedha yake ikipotea nyumba yake itabaki imesimama. Akikwambia hapana, mshukuru na umwachie machungwa yake yaive.