Mwanakheri na Jini Aliyegoma Kupandisha Maji

Alitawala katika mji wa Lulufani, mji uliojengwa juu ya kilima cha mawe mekundu, Sultani Muntasiri bin Harithi, na Sultani huyo alikuwa na farasi mia na wapishi arubaini na jini mmoja, na jini huyo ndiye aliyepandisha maji kutoka kisima cha bondeni mpaka kasri, na siku moja, jamani, jini akaweka mtungi chini, akakaa kitako uani, akasema, "Sifanyi." Pete ya chuma iliyokuwa kidoleni mwa Sultani ilimzuia jini kuondoka, lakini kumzuia kukaa haikuweza, na zikapita siku kumi na moja Sultani hajaoga, na mawaziri wakawa wanamwamkia kwa mbali, mkono puani.

Ndipo Waziri Badawi akatuma mpiga mbiu: "Anatafutwa msimamizi wa jini! Awe na uzoefu wa miaka saba wa kusimamia majini!" Na Lulufani yote jini alikuwa huyo mmoja tu, tena kaletwa mwaka jana, lakini ndiyo desturi ya kasri lile, kazi yoyote itakayotangazwa, hata ya kufukuza nzi, lazima miaka saba, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Sasa chini ya kilima alikaa Mwanakheri binti Faki, mjane wa miaka kumi na tisa, ana mtoto mchanga aitwaye Athmani, na shemeji yake Makame, kaka wa marehemu, alikuwa amemwambia waziwazi, "Mwanamke asiye na kazi hatulelei damu yetu. Ijumaa nakuja kumchukua mtoto." Na siku hiyo ilikuwa Jumatano! Mwanakheri hakula, maziwa yakaanza kukauka kwa hofu, na mlango ukigongwa alimkumbatia mtoto utadhani nyumba inaungua.

"Nenda kasrini," akasema jirani yake Bi Somoe, "useme una miaka tisa ya kusimamia majini."

"Bi Somoe, miaka tisa iliyopita nilikuwa na miaka kumi!"

"Ulianza mapema. Mwanangu, wenzako wote watadanganya, wewe ukienda na kweli tupu ni kama umekwenda uchi."

Basi akaenda, mtoto mgongoni, akikariri uwongo wake njia nzima kama mwanafunzi wa chuoni, na alipofika akakuta safu ya wanaume wenye vilemba vikubwa kuliko vichwa, na jini mwenyewe, Kaukabu, ameketi ubavuni pa Sultani, maana alitaka kumwona atakayemtawala.

Wa kwanza akapiga goti. "Ewe Maulana, nguzo ya dunia, nimesimamia majini miaka ishirini, na mkali wao, Kahtabu, nilimtuliza kwa kofi moja."

"Kahtabu wa Mlima Kafu?" akauliza jini.

"Huyo huyo! Dume la majini!"

"Ni shangazi yangu. Tulimzika miaka mia tatu iliyopita."

Bwana yule akatoka kinyumenyume, kilemba kimemwangukia machoni. Na wa pili akasema amewahi kumtia adabu jini mmoja mtoro kule Basra, aitwaye Kaukabu, mwoga kama kuku, na Kaukabu akacheka mpaka vigae vikadondoka, na safu nzima ya vilemba ikakumbuka ghafla shughuli nyumbani. Akabaki Mwanakheri peke yake.

"Miaka mingapi?" akauliza Waziri.

"Ti... tisa."

"Jini gani?" akauliza Kaukabu akiinama, macho kama majiko mawili.

Hapo Mwanakheri akapasuka. "Hakuna! Hakuna, bwana jini, sijawahi kuona jini mpaka leo na wala sikutaka, nimeambiwa niseme hivyo, nina mtoto, wanamchukua Ijumaa, ninachojua ni kulea na kufua na kusoma na kuandika, basi, nisameheni, naondoka!"

Na katika kugeuka akimbie, mbeleko ikamfunguka, mtoto akateleza, akapiga yowe, na Mwanakheri bila kufikiri akamsukumia aliyekuwa karibu. "Nishikie! Mkono mmoja chini ya shingo, mwingine chini ya makalio, usimtikise, nikimaliza kufunga mbeleko unirudishie!"

Kumbe aliyekuwa karibu ni jini! Na jini akamshika, mkono mmoja chini ya shingo, mwingine chini ya makalio, hakumtikisa, na mbeleko ilipofungwa akamrudisha.

"Kaukabu!" Sultani akasema. "Siku kumi na moja nakuamuru na kukubembeleza, hukuinua hata kata! Huyu kakwambia mara moja!"

"Maulana," jini akajibu, "nimetumika miaka mia tisa, na mabwana wote huniambia, 'Fanya kazi!' Nikileta maji, mbona mengi. Nikipunguza, mbona machache. Nikimaliza, mbona umekaa. Huyu peke yake ameniambia kazi ni ipi, inafanywaje, na inaisha lini."

Waziri akakohoa. "Lakini hana miaka saba."

"Nawe siku nilipokupa uwaziri," Sultani akamuuliza, "ulikuwa waziri tangu miaka mingapi?" Kisha akamgeukia Mwanakheri. "Binti, kazi ni yako."

Na Mwanakheri, bado anatetemeka, akasema, "Maulana, Mungu akuzidishie umri, nianze saa ngapi, nitoke saa ngapi, na mtoto nije naye?" Hakuna mtu aliyewahi kuuliza hivyo mbele ya kiti kile, na Sultani ikabidi amwite katibu, ikaandikwa: mitungi arubaini asubuhi, ishirini alasiri, Ijumaa jini apumzike, na msimamizi apewe chumba kasrini yeye na mwanawe. Kabla ya adhuhuri Sultani alikuwa ameoga mara tatu.

Ijumaa Makame akaja na watu wawili, akaelekezwa kasrini, akasukuma mlango, akamkuta Kaukabu siku yake ya mapumziko, kajilaza mkekani, Athmani kalala kifuani pake.

"Nimekuja kumjulia hali tu," akasema Makame. "Naona ananenepa."

"Karibu uji, shemeji," akasema Mwanakheri, na sauti haikutetemeka.

Uji hakuungoja. Na mwaka ulipogeuka yule katibu akamposa Mwanakheri, na Sultani akawatunza dhahabu na nyumba yenye kisima, na jini akapandisha maji ya harusi bila kuhesabu mitungi. Basi wewe unayetafuta kazi, sema unachokijua na uulize usichokijua, hata ulimi ukitetemeka. Na wewe unayeajiri, usidai miaka saba ya kazi ambayo mwenyewe huwezi kuieleza kwa maneno saba.