Shikamoo Kutoka Mtungini

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na karakana zao na chai yao ya saa nne, Bi Tembo alikuwa akifinyanga mitungi, na Nyati kijana akiichoma. Aliyewapikia chai ni Pimbi, mdogo wa umbo, mwingi wa maneno. Alikulia palepale kando ya tanuri, hakuwa na kwao kwingine.

Ila wale wakubwa wawili hawakusemezana! Bi Tembo hakumwambia Nyati mtungi upi bado mbichi, na Nyati hakuuliza. Akiwasha moto, pa! pa! Mitungi inapasuka.

"Ikipasuka tena, nafunga, narudi kwetu," alisema Bi Tembo.

Afunge? Pimbi akaacha chai yake jikoni, akamkimbilia. Yeye angekwenda wapi? "Bibi, si umwelekeze tu?"

"Nimwelekeze nani? Mtoto anaingia kazini kama anaingia zizini, hata shikamoo hana! Mimi wa kumzaa mama yake ndiye nimwanze?"

Pimbi mbio kwa Nyati. "Kaka, si umuulize tu?"

"Bibi yule hanipendi," Nyati akanong'ona, macho yamelowa. "Niache."

Looo! Mwili wote ule, analia! Pimbi alimhurumia sana.

Kesho yake asubuhi akajitumbukiza ndani ya mtungi mkubwa uliokuwa mlangoni. Nyati alipoingia kimya kimya, sauti nzito ikavuma kutoka mle: "Shikamoo, bibi!"

Bi Tembo akaacha udongo. "Marahaba, mjukuu wangu! Umeamkaje?"

Nyati akageuka nyuma kumtazama huyo mjukuu. Hakuna mtu. "Ni... nimeamka salama, bibi."

"Haya, njoo. Hii ya nyuma usiichome leo, bado ina maji. Na moto uanze mdogo, upande polepole."

"Na ile mikubwa, bibi?"

"Ee, umeuliza vizuri. Ile..."

"Chyaaa!" Mtungi ukapiga chafya.

Nyati akatia mkono, akamtoa Pimbi, vumbi tupu.

"Kumbe ni wewe!" Bi Tembo akanywea. "Nami nikafurahi, nikasema mtoto ameniamkia."

"Nilikuamkia, bibi," Nyati akasema taratibu. "Siku ya kwanza kabisa, nimesimama pale mlangoni. Hukuitikia. Nikajua hunitaki."

Bi Tembo akakumbuka. Siku ile alikuwa akitwanga udongo, pu! pu! pu!

"Masikio yote haya," akasema, akiyapapasa kwa mkonga, "na nisikusikie! Nisamehe, baba."

Nyati akainamisha pembe mpaka chini. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba."

Safari hiyo tanuri ilipofunguliwa, mitungi yote ilitoka mizima. Pimbi akachemsha chai, na kwa mara ya kwanza akawatengea wote mkeka mmoja.

Basi, wanangu, ukiamkia usiitikiwe, amkia tena. Na wewe mkubwa, usione haya kuanza.