Chozi la Jukwaani

Semeni, binti wa miaka kumi na tano, alimtoroka baba wa kambo aliyetaka kumwoza, akawa analala stendi. Siku ya kampeni mgambo walimkamata, wakampeleka kwa Mheshimiwa Lugome, mgombea ubunge.

"Utapanda jukwaani ulie, nikukumbatie mbele ya kamera," Lugome aliagiza. "Kisha utarudishwa kwenu."

"Nilie vipi, Mheshimiwa?"

"Kama mtoto aliyempata baba yake!"

Semeni alipanda, akamrukia shingoni. "Baba!" alilia kwenye maikrofoni. "Mama alisema ipo siku utanikubali!"

Uwanja mzima uliguna. Mke wa Lugome alisimama, akavua miwani.

"Funga mdomo, wewe!" Lugome alinong'ona, meno nje kwa ajili ya kamera.

Semeni alimnong'oneza sikioni, "Shule ya bweni leo hii, Baba, au nishuke nikamwamkie mama wa kambo?"