Mwisho Alioubadili Ambakisye

Hapo zamani, si zamani ya majini, ni zamani ya juzi tu ya vibanda vya video, palikuwa na shamba la chai kule Rungwe. Juu kilimani nyumba ya meneja, chini kambi ya wachumaji. Sekela alikuwa binti wa chini. Adrian, mtoto wa meneja, alikuwa wa juu. Wakakutana kwenye kibanda cha Ambakisye, benchi moja, wakitazama filamu ya kijana tajiri na msichana anayejishonea nguo.

Ambakisye ndiye aliyefasiri. Kipaza sauti mdomoni, wazungu wenyewe huwasikii, unamsikia yeye. Mwishoni gari la kijana likaondoka, msichana kabaki getini, Sekela akaanza kulia. Ambakisye akamwona, na alikuwa anampenda tangu darasa la tano ila hajawahi kusema, basi akapaza sauti: "Msilie jamani! Kaenda kufuata pete! Anarudi!"

Kibanda kizima kikashangilia. Adrian alikuwa ameshaiona filamu hiyo kwao. Akanyamaza, akamshika Sekela mkono.

Adrian akaenda kusoma ng'ambo, akasema nisubiri, Sekela akasubiri, na tumbo likasubiri naye. Barua hakuna, simu hakuna. Uchungu ulipomshika mvua inanyesha, aliyemsukuma kwa baiskeli mpaka zahanati ni Ambakisye.

Sasa ubatizo umefika, na mchungaji kasema Jumapili atauliza mbele ya watu: baba ni nani, asimame. Sekela hali, halali, maziwa yanaanza kukauka. Mchana akaenda kibandani, mtoto mgongoni.

"Niwekee ile filamu. Usifasiri."

Ambakisye akasita, akaiweka. Kiingereza cha kidato cha nne kikamtosha Sekela. Kijana, dirishani mwa gari, alisema: usinisubiri.

"Ulinidanganya, Ambakisye!"

"Ulikuwa unalia."

"Nimesubiri mwaka mzima kwa maneno yako!"

"Na mimi mwaka huo nilikuwa wapi? Si hapa hapa?"

Sekela akakaza kanga ya mtoto mgongoni, akatoka.

Jumamosi Adrian akashuka kilimani kwa miguu, begi mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umeiona njia, baba?" akasema mama yake Sekela.

"Kwetu wamenikataza, mama. Nimekuja hivyo hivyo."

Sekela akamkatiza. "Mwisho wa ile filamu uliujua?"

"Niliujua."

"Ukanyamaza!"

"Mwisho wa Ambakisye ulikuwa mzuri zaidi. Ndio huo nimeufuata. Si nimerudi?"

Ambakisye alikuwa mlangoni, kaleta kitambaa cheupe cha ubatizo. "Umeufuata kwa kuchelewa," akasema. "Na maneno yenyewe ni yangu."

"Mtoto ni wangu."

"Nyamazeni wote," akasema mama. "Sekela asimame peke yake. Kwani mimi nilisimama na nani?"

Jumapili kanisa likajaa, wa juu na wa chini. Mchungaji akauliza. Benchi la kushoto Adrian akainuka nusu, la kulia Ambakisye akainuka nusu, wote wakamtazama Sekela, mtoto analia, mchungaji anangoja jina moja tu.

Mmoja alidanganya, akabaki. Mwingine alijua, akanyamaza, akaondoka, akarudi. Na mama yuko nyuma anatikisa kichwa.

Nyie mnaosikiliza, semeni upesi, mtoto asije akapata baridi: je, nani alistahili kusimama na Sekela?