Sange Alivyopima Kikohozi kwa Vigelegele

Wewe unayebetua midomo hapo, ifunge. Sijaanza hata kusimulia, umeshasema haiwezekani? Ulikuwepo? Basi itikia kama wenzako.

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa kikohozi.

— Kipite kando!

Kisikilizeni kwanza, ndipo kipite.

Kulikuwa na Sange, kile kipanya chenye pua ndefu kama mrija. Kulikuwa na Kiboko, mwenye uwanja wa mieleka kando ya mto. Na kulikuwa na ugonjwa wa kukohoa, umezagaa mwitu mzima. Kwenye mieleka iliyopita watazamaji walibanana kama dagaa guniani, na wiki haikuisha, mashimo saba yakabaki matupu. Moja lilikuwa la dada yake Sange.

Sasa mieleka mingine hiyo imefika. Kiingilio, kikapu cha viazi vitamu. Mzima analeta kikapu, mgonjwa analeta kikapu, Kiboko anakula vyote. Akatangaza: "Atakayetaja ugonjwa uwanjani kwangu, nitamkanyaga!"

Wanyama wakajaa. Sange akapita katikati yao, nye nye nye, pua juu, pua chini. Akasikia koho! huku. Akasikia koho! kule. Kila aliyemuuliza akajibu, "Vumbi tu, mama." Mwitu mzima una vumbi, na mvua ilinyesha jana yake.

Sange akaenda mtoni. Kiboko kazama, kaacha pua na masikio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. We kipua, umekuja kutaja nini?"

"Sifa zako, mzee. Watazamaji wanataka kukupigia vigelegele. Ila wamebanana. Kigelegele cha aliyebanwa mbavu kinatoka kama cha kuku anayechinjwa."

"Hebu wee! Watawanyike! Kila mmoja aweze kuzungusha mkia asimguse jirani!"

"Na atakayekikatiza kigelegele chako, kwa vumbi?"

"Apandishwe kilima kile, akae siku saba! Awe nani, awe nani!"

Kilima hicho kilikuwa upande upepo unakokwenda. Sange alikwishaupima kwa pua.

Wakatawanyika. Swala wakapiga: riririririri! Safi. Ngiri wakapiga: ririririri... koho! Wawili, kilimani. Tumbili wakapiga: riri... koho! koho! Watano, kilimani.

"Ni vumbi, mama!"

"Najua, mwanangu. Kilimani kuna vumbi zuri zaidi."

Kiboko akaguna, "Haya, mieleka ianze."

"Bado, mzee. Aliyepigiwa vigelegele huinuka akaitikia. Au hatukukufurahisha?"

Kiboko akainuka, bwaaa! Kifua mbele, kinywa wazi: "Hoooo... KOHO! KOHO! KOHO!"

Kumbe ndiyo maana alikuwa kajizamisha! Nyati aliyekuwa akitafuna aliacha.

"Vumbi," akasema Kiboko.

"La majini, mzee?"

Alianza Tumbili mmoja, wakadakia wote: "Ki-li-ma-ni! Ki-li-ma-ni!" Angefanyaje? Si kasema mwenyewe, awe nani, awe nani? Akapanda, du! du! du!, anamwaga maji njia nzima.

Siku saba. Kila asubuhi Sange aliweka viazi juu ya jiwe, akarudi nyuma hatua kumi, akapiga mluzi. Ngiri, kiazi kimoja. Tumbili, kiazi kimoja. Kiboko naye kimoja, na siku ya pili akauliza kama hakuna kingine kilichosahaulika. Kisha Sange alishuka, akapita shimo hadi shimo, pua juu, pua chini. Safari hii hakukuwa na shimo hata moja lililobaki tupu.

Funzo lake? Ugonjwa si kitu, watoto wangu, ilimradi mnamsifu mkubwa wenu kwa sauti.

Hadithi yangu imekaukia hapo. Mwenye koo safi apige kigelegele tusikie.

Nani huyo? Ni wewe, mbetua midomo? Vumbi, eti?

Haya, kaa nalo. Miye huyoo natoka, na mlango naufunga. Ta!